Soksi ya Loni na Kuku wa Ng'ambo

"Siku nikiolewa mimi, viatu vyangu vya harusi nitavinunua kwa shaba niliyoitunza kwa mkono wangu mwenyewe, na itakuwa nyingi mpaka Fundi Valtin atafute toroli la kuibebea! Na ikipungua hata moja, hata moja jamani, nitaingia kanisani pekupeku, mchungaji aone, Mkuu aone, na mbwa wa Mkuu waone!"

Maneno hayo aliyatamka Apollonia Wutzler, muuza soseji wa Erlwinden, akiwa amepanda ukingo wa kisima cha sokoni siku ya gulio, koleo la kugeuzia soseji mkononi kama fimbo ya enzi. Hakuwa na mchumba. Hakuwa na dalili ya mchumba. Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za viatu. Kilichomchokoza ni Kunigunde, muuza samaki wa chumvi, aliyekuwa amesema kwa sauti ya kufika kanisani kwamba mwanamke anayenuka moshi namna ile ataolewa na dohani.

Loni, ndivyo tulivyomwita, alizaliwa na mchoma mkaa aliyekufa mapema. Mama yake naye alipofariki alimwachia vitu viwili: jiko la chuma la miguu mitatu, na mdomo. Vyote viwili vilikuwa vya moto, na vyote viwili vilimlisha. Kila asubuhi alijaza jiko koni za msonobari alizookota mwenyewe msituni, akalisimamisha miguuni mwa daraja, na moshi wake ulipopanda hata watu waliokula nyumbani walijikuta wana njaa upya.

Kitu cha tatu alichoachiwa kilikuwa soksi. Kwetu binti akishapata kipaimara, mama yake humfumia soksi ndefu ya sufu, moja tu, si jozi. Huishona mdomo akaacha upenyo wa kupita sarafu. Humo binti hutumbukiza shaba ya viatu vya harusi. Fedha haitakiwi, kwa sababu fedha unaweza kupewa na mjomba mlevi siku ya Krismasi, lakini shaba sharti uitunze. Na soksi haifunguliwi. Huchungulii, huhesabu, hubadilishi moja kwa nyingine, mpaka siku unapoipasua mbele ya fundi viatu, juu ya benchi lake. Anayechungulia hufukuza watoto. Anayebadilisha amenunua bahati ya mtu mwingine. Na anayefika kwa fundi na soksi ya kizembe, mama mkwe wake ana haki ya kumfungia mlango. Haba na haba hujaza kibaba kwingineko. Kwetu hujaza soksi.

Sasa sikiliza kuhusu shaba yenyewe. Nchi yetu, Lauterau, ni kubwa kiasi kwamba jogoo wake akiwika anaamsha mataifa matatu. Hata hivyo Mkuu wetu alipiga sarafu zake, kwa kuwa mkuu asiye na sarafu ni mkulima mwenye nyumba kubwa. Aliagiza pfennig, sarafu ndogo za shaba, zenye simba. Mchonga muhuri alilipwa kidogo, akachonga kidogo, na simba akatoka mbwa. Ng'ambo ya kijito, ukivuka daraja, ni Falkenroda, nchi ya Mkuu mwingine, naye aliagiza kipanga mwenye mbawa wazi. Akatoka kuku. Basi tukawa na mbwa na kuku, wa ukubwa mmoja, weusi kwa jasho la vidole vilevile, na kwa miaka yote watu walilipana kwa mbwa na kuku bila kuwatazama usoni.

Miongoni mwa wateja wa ng'ambo alikuwapo Traugott Schlehe, fundi magurudumu, mtu mrefu, mpole, mwenye maranda ya mbao kwenye nyusi. Kila Jumamosi alivuka daraja, akasimama mbele ya jiko, akasema neno moja.

"Moja."

"Moja nini? Moja busu, moja kofi?"

"Soseji."

"Ah! Kumbe bwana anaongea! Nikadhani wamekuchonga wakasahau ulimi."

Traugott alilipa, akala amesimama, akafuta mikono, akaondoka. Jumamosi iliyofuata, vivyo hivyo. Ilimchukua miaka kufika kwenye neno la tatu, nalo lilikuwa "nzuri", na mwisho, Pasaka moja, akafunguka kama bwawa lililobomoka: "Loni, mimi ningependa, kama wewe nawe, yaani, mama yangu amekubali." Loni akaangusha soseji tatu kwenye majivu.

Baadaye, bila shaka, alisimulia tofauti. "Alinifuata kama mbwa wa mchinjaji," aliwaambia wanawake wa kisimani. "Mimi hata jina lake nilikuwa silijui. Nilimhurumia tu."

"Ulimhurumia," alisema Kunigunde, akimparua samaki magamba.

"Nilimhurumia, shoga. Na wewe ukipata wa kukuhurumia, usilie, utaongeza chumvi kwenye pipa."

Harusi ikapangwa vuli, baada ya viazi kuchimbwa. Kasoro ilikuwa moja, na ilikuwa na miaka sabini na fimbo: mama yake Traugott. Bibi Schlehe hakuwa mbaya. Alikuwa amenyooka tu, kama rula, na rula nayo huchapa. Alimpokea Loni jikoni mwake, akampa maziwa ya mgando, akamwambia wazi:

"Mwanangu, mdomo wako nimeusikia hadi huku, sina haja ya kuujua zaidi. Mimi nataka kuona soksi. Mwanamke asiyeweza kutunza pfennig hawezi kunitunzia mwana. Siku ya viatu nitasimama nione."

"Mama, simama, kaa, lala ukipenda," alisema Loni. "Soksi yangu ni nzito kuliko mimi."

Na ilikuwa nzito kweli. Ndipo kilipoingia kiburi.

Mwezi uliofuata mpiga ngoma wa mji alisimama kisimani akasoma tangazo. Mkuu wetu na Mkuu wa ng'ambo walikuwa wamekosana. Wengine walisema ni kwa ajili ya msitu, wengine kwa ajili ya paa aliyepigwa risasi upande huu akaenda kufa upande ule. Vyovyote vile, tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli shaba ya Falkenroda haitapita tena Lauterau: marufuku kuilipa, marufuku kuipokea, faini kwa wote wawili. Mwenye nayo aibadilishe kabla ya hapo. Ng'ambo nao wakajibu mapigo siku ileile, mbwa wakapigwa marufuku kule.

Watu wakakimbia nyumbani kupekua makopo. Kila mtu alikuwa anachambua kuku na mbwa mezani kama mchele na mawe. Kunigunde akapita kwenye jiko la Loni.

"Na ile soksi, mwali?"

"Soksi haifunguliwi, unajua."

"Najua. Nauliza tu ndani kuna nini."

"Mimi ni Mlauterau, binti wa Mlauterau. Shaba yangu inabweka, haitetei kama kuku!"

Watu wakacheka, naye akacheka nao, akageuza soseji zake. Lakini kuna jambo alilijua na hakutaka kulijua. Angeweza kuipasua soksi siku ile na kubadilisha. Sheria iliruhusu. Ila bahati haikuruhusu: kuchungulia ni kufukuza watoto, na umri wake ulikuwa umeshafukuza wa kutosha. Akaiacha kama ilivyo, chini ya godoro, na Mtakatifu Mikaeli akapita.

Jumatatu, mkesha wa harusi, mchana kweupe, aibu ikamtokea. Fundi Valtin alikuwa ametoa benchi lake nje ya karakana kwa sababu watu hawakuenea ndani. Viatu vilikuwa juu yake: vyeusi, ngozi laini ya ndama, vifungo vya shaba, kisigino kidogo cha kumfanya mtu mfupi asimame kama mwenye shamba. Loni alivitazama, akasahau maneno, jambo ambalo Fundi alisema baadaye lilimtisha kuliko yote.

Kulikuwa na nusu ya mji. Bwana Ockel, msimamizi wa soko, alikuwapo na kofia yake ya kazi. Traugott alikuwa amevuka na toroli. Naam, toroli, jipya, la mbao nyeupe, gurudumu limenyolewa vizuri kama yai. Alikuwa amesikia habari za majigambo ya kisimani, naye, kwa ukimya wake, alikuwa amelitengeneza ili mke wake asiitwe mwongo. Ndani yake ndimo ilimoletwa soksi, imelala kama nguruwe mdogo.

"Haya, pasua," alisema Fundi Valtin, akampa kisu.

Loni akapasua. Shaba ikamwagika juu ya benchi, ikajaa, nyingine zikaviringika chini, na watu wakapiga kelele ya furaha. Kisha kelele ikapungua. Fundi alikuwa ameokota moja akaigeuza. Akaokota nyingine. Akasukuma lundo kwa kiganja.

Kuku. Kuku, kuku, mbwa mmoja, kuku, kuku. Banda zima la kuku.

"Loni," alisema Fundi polepole, "hizi zinatetea."

Bwana Ockel akakohoa. Hakuwa mtu katili, alipenda soseji kama kila mtu, lakini alikuwa na kofia kichwani. "Fundi Valtin, ukipokea hata mmoja wa hao upande huu wa daraja, nitalazimika kuandika faini. Kwako na kwa bibi harusi. Nisamehe, Loni."

Maji yalikuwa yamemfika Loni shingoni. Alipekuapekua lundo akitafuta mbwa, na mbwa walikuwa wachache, hawatoshi hata kisigino kimoja. Kubadilisha? Muda umepita, tena shaba iliyobadilishwa si ya kutunzwa. Kukopa? Ndiyo mbaya zaidi. Alimwona akilini Bibi Schlehe, ambaye alikuwa bado njiani, na mlango wake uliofungwa. Akajiona mwenyewe anaingia kanisani pekupeku kwenye mawe ya baridi, kama alivyoapa, halafu anarudi peke yake kwenye jiko la miguu mitatu.

Na kabla hajapata la kusema, Kunigunde akapata.

"Hebu ngoja," alisema Kunigunde, akikaribia lundo. "Ngojeni kwanza, enyi watu. Sote tunauza kwa watu wa huku na wa kule. Mimi kopo langu lilikuwa nusu kwa nusu. Iweje soksi ya huyu iwe kuku watupu? Kwani nani wa ng'ambo anakula soseji kila Jumamosi ya Mungu?"

Watu wakamgeukia Traugott. Traugott akalitazama toroli.

"Zake!" Kunigunde alipiga makofi. "Zote zake! Mbwa anakwenda kununulia chumvi na mkaa, kuku wa Traugott anakwenda soksini! Tangu lini, Loni? Hata jina lake ulikuwa hulijui, siyo? Ulikuwa unamhurumia! Miaka yote hiyo unamhurumia, mmoja mmoja, unamtumbukiza!"

Soko likaangua kicheko. Loni aliwaka uso kama mkaa uliopulizwa. Lilikuwa kweli. Kila Jumamosi, Traugott alipoondoka, aliichukua ile shaba yenye joto la kiganja chake, akaitia mfuko wa kando, na jioni ikaingia soksini. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakuwahi hata kujiambia vizuri.

Traugott akainua kichwa. "Zote?" aliuliza.

"Nyamaza wewe," alisema Loni. "Leo ndiyo siku ya kujifunza kuongea?"

Lakini Traugott alikuwa anatabasamu, mtu mzima, maranda kwenye nyusi, anatabasamu kama mwendawazimu.

"Basi viatu vyako uvisahau, mwali!" Kunigunde alikuwa bado hajashiba. "Kuku kwao ni ng'ambo. Labda umwombe Fundi abebe benchi lake awafuate!"

Watu wakacheka tena. Loni hakucheka. Alimtazama Kunigunde, akalitazama benchi, akalitazama daraja.

"Bwana Ockel," alisema, "umesema upande huu wa daraja."

"Ndivyo lisemavyo tangazo. Hadi jiwe la mpaka, katikati."

"Fundi, beba benchi."

"Nini?"

"Beba benchi! Traugott, rudisha kuku kwenye toroli. Kunigunde, shoga yangu, leo umefanya kazi kuliko samaki wako wote. Twende!"

"Siwezi kuuza ng'ambo," alilalamika Fundi Valtin, "chama cha mafundi wa kule kitanivunjia meza. Mpaka wao ni mpaka wao."

"Nani kasema uvuke? Kaa kwenu. Benchi lako ni refu."

Watu wakalielewa wote kwa pamoja, kama kundi la ndege linavyogeuka. Benchi likabebwa na wanaume wanne, viatu vikabebwa na Kunigunde, ambaye hakutaka kukosa kitu, na mji mzima ukashuka darajani. Benchi likawekwa juu ya jiwe la mpaka, nusu Lauterau, nusu Falkenroda. Fundi Valtin akakaa kwenye kigoda chake upande wetu, msharasi, sindano yake ya ngozi, sikioni, viatu mbele yake. Loni na toroli wakazunguka upande wa pili. Bwana Ockel akasimama kando ya jiwe, mguu huku mguu kule, akatazama miguu yake, kisha akaamua kutazama mawingu.

Upande ule walikuwapo tayari watu waliosikia kelele, akiwemo Dietz, mtengeneza ngozi wa Falkenroda, ambaye ndiye aliyemuuzia Fundi Valtin ngozi tangu zamani.

"Dietz!" aliita Loni. "Fundi atahitaji ngozi ya majira ya baridi?"

"Anahitaji kila mwaka."

"Kuku unawapokea?"

"Hapa kwetu? Nikatae pesa ya Mkuu wangu, nifungwe?"

"Basi mimi namwaga upande wenu, Fundi anahesabu kwa macho akiwa upande wetu, wewe unakusanya, naye anapata ngozi. Hakuna kuku atakayevuka. Kuna mwenye neno?"

Aliyekuwa na neno alikuwa anakuja. Bibi Schlehe alipanda daraja na fimbo yake, tok, tok, na watu wakampisha. Kicheko kikafa. Loni akanyooka. 

Bibi kizee akasimama mbele ya lundo. Akaokota kuku mmoja, akamgeuza, akamnusa.

"Moshi," alisema. Akaokota mwingine. "Na mbao." Akamtazama mwanawe. "Kumbe ulipokuwa unaniambia unakwenda kunoa shoka."

"Mama..."

"Miaka yote hiyo. Nikadhani nina mtoto mwenye shoka kali kuliko yote Falkenroda." Akamgeukia Loni, akamtazama kwa muda mrefu kama anayepima mlango. "Nilitaka mwanamke anayetunza pfennig. Huyu ametunza za mwanangu kabla hajaambiwa ni zake." Kisha, kwa Fundi Valtin: "Hesabu, wewe. Kuna baridi."

Hapo ndipo Loni alipopumua.  Watu waliokuwa karibu wanasema Kunigunde alimwegemea begani, akamwambia kwa sauti ndogo, "Haya basi, shoga, haya," na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kumchoma.

Fundi Valtin akahesabu, na alipofika nusu ya lundo akapunga mkono. "Imetosha. Imetosha na zaidi, niondoleeni mawazo haya ya kuku." Viatu vikateleza juu ya benchi, kutoka Lauterau hadi Falkenroda, vikasimama mbele ya mwenyewe. Dietz akaanza kusomba. Shaba ya viatu ilihitaji toroli kweli, na hakuna mtu tena aliyeweza kusema kwamba Loni Wutzler alijigamba bure. Zilizobaki Bibi Schlehe alizifagia ndani ya aproni yake bila kuuliza mtu.

Kesho yake Loni aliingia kanisani akiwa amevaa viatu, visigino vikilia kwenye mawe, ko, ko, ko, naye akakanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alivivaa harusini, kwenye ubatizo wa watoto wake wawili, ambao bahati haikuwafukuza, na kwenye mazishi ya mama mkwe wake, aliyemlilia kwa sauti iliyowashangaza wote. Majigambo hakuacha. Ila katika habari za nani alimfuata nani, alikaa kimya, na Traugott, ambaye hakuwa na maneno mengi, alilitumia moja vizuri: akiulizwa, alijibu "sote".

Ugomvi wa wakuu ulidumu kuliko paa aliyeuanzisha. Loni alihamisha biashara yake juu ya daraja: jiko upande wetu wa jiwe, meza upande ule, na makopo mawili, moja la mbwa, moja la kuku. Bwana Ockel alikuja kila siku kukagua, akakagua soseji moja, akarudi.

Na bei ikawa ileile pande zote mbili: soseji moja na mkate wake, pfennig tatu.